Namba Kumi na Saba na Mguu wa Mama

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya matofali sita, nje ya duka la kutengeneza simu, na linakalika na watu watatu tu. Nyuma yake kuna ukuta, na ukutani, kwa rangi nyekundu na herufi zenye kivuli cheusi, imeandikwa: UKIINUKA UMEHAMA. Hiyo ndiyo katiba ya benchi. Anayenyanyua makalio, iwe kwa haja ndogo, iwe kwa kuitwa na mkewe, nafasi yake imekwenda, na birika la kahawa linalofuata analipa yeye. Katiba hiyo iliandikwa na Brashi, mchora mabango wa mtaa, siku aliyoondoka dakika mbili kupokea makopo ya rangi, akarudi akakuta mtu amekaa mahali pake na kukunja nne kabisa. Ng'ambo ya barabara, hatua arobaini kwa mtu mvivu, ipo yadi ya mnada wa magari yaliyopata ajali. Lango huwa wazi tangu saa mbili asubuhi, na anayetaka kuingia kukagua anaingia, bure, hata akiwa na mikono mifukoni.

Asubuhi hiyo Brashi alikuwa na jambo zito. Mama yake aliteleza bafuni mwaka uliopita, hospitali wakamtia chuma gotini, na tangu hapo mguu wa kushoto haukunjiki. Umenyooka kama rula. Daktari alisema utalainika kwa mazoezi ya mara mbili kwa wiki, na akasema pia, bila kupepesa macho, kwamba mazoezi yakikatika mguu utakaukia hivyo hivyo. Mama alikuwa amekosa wiki tatu mfululizo. Madereva wa teksi wakimwona na fimbo yake hukumbuka ghafla kwamba wana abiria mwingine. Basi ndugu wakakaa, wakachanga, wakakubaliana linunuliwe gari la mnadani, la kutengenezwa taratibu, na kazi ya kulikagua apewe Brashi, kwa kuwa Brashi anajua magari.

Hapo ndipo penye tatizo, na heri tuliseme mapema tusije tukadanganyana. Brashi hajui magari. Miaka kumi na moja nyuma alikuwa anaandika NENDA POLEPOLE nyuma ya lori, herufi zikamwendea mshazari. Mwenye lori akafoka. Brashi, kwa kukosa la kujitetea, akajibu kwamba herufi zimenyooka, lori ndilo limeinama. Fundi akaingia uvunguni kwa kumkomoa tu, akatoka ameshika springi iliyovunjika. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukasema Brashi ana jicho. Alikusudia kukanusha, kweli alikusudia, lakini heshima ilikuwa tamu, akasema ataionja wiki moja tu.

Mnada ulikuwa saa sita. Saa nne benchi lilikuwa limejaa. Kushoto alikaa Mzee Rufaa, karani mstaafu wa mahakama, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kukubali uamuzi wowote, hata wa vijiko vya sukari katika kikombe chake mwenyewe. Kulia alikaa Betri, fundi wa simu, ambaye duka lilikuwa lake lakini wateja walimpitishia simu dirishani, naye akazipokea kwa kunyoosha mkono nyuma bila kuinuka. Katikati alikaa Brashi. Mbele yao, kwenye kigoda chake ambacho katiba haikukigusa, alikaa muuza kahawa waliyemwita Spika, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiamua nani aseme na nani anyamaze.

Betri alikuwa na tangazo la mnada kwenye simu. Namba kumi na saba, gari dogo, milango minne, ajali ndogo upande wa kushoto, linauzwa kama lilivyo. Chini yake picha moja, iliyopigwa kutoka upande wa kulia.

— Ongeza ukubwa, akasema Brashi.

— Nimeongeza mpaka mwisho, akasema Betri. Nikiongeza tena tutatokea upande wa pili.

— Basi rudisha. Haya, wajumbe, mnaonaje?

— Napinga, akasema Mzee Rufaa.

— Unapinga nini, mzee? Hatujasema kitu.

— Ndiyo maana. Nikingoja mseme, nitakuwa nimechelewa.

Spika akamimina vikombe vitatu, akaangalia ng'ambo, akaangalia simu.

— Hilo gari si liko pale? akauliza. Naliona paa lake kutoka hapa.

— Tunalo hapa kwenye picha, akasema Betri.

— Nauliza tu. Mtu mmoja angevuka akaangalia, akarudi.

Wote watatu wakageuza shingo kwa pamoja, wakasoma ukuta kama watu wanaouona kwa mara ya kwanza.

— Aende mwenye mama, akasema Mzee Rufaa.

— Aende mwenye simu, akasema Brashi. Apige picha nyingine.

— Mimi niache duka? akasema Betri. Na mzee je, karani mzima, si ungeenda ukaandika ripoti?

— Nimestaafu kutembea, akasema Mzee Rufaa, na mjadala wa kuvuka barabara ukafungwa.

Kusema kweli, Brashi hakuogopa kulipa birika. Aliogopa yadi. Pale ng'ambo kuna mafundi wanaolala chini ya magari na tochi mdomoni, wanaogonga vyuma na kusikiliza, na mmoja wao angeweza kumgeukia na kumuuliza, haya, bwana mjuzi, unaonaje hapa? Kwenye benchi Brashi alikuwa mtaalamu. Hatua arobaini mbele alikuwa mchora mabango. Kwa hiyo akajiweka sawa kwenye ubao, akanyoosha kidole kuelekea kioo cha simu.

— Tuanze na boneti, akasema kwa sauti ya daktari.

— Boneti limeinama, akasema Mzee Rufaa. Miaka thelathini nimeandika kesi za ajali, nakwambieni. Boneti likiinuka juu, gari linakana kosa. Likiinama chini, limekiri. Hili limekiri.

— Limekiri nini?

— Hilo ni la upande wa mashtaka. Mimi nilikuwa karani.

— Mzee, akasema Betri, boneti halina habari na kosa. Tazama tairi. Tairi la mbele jeusi, la nyuma lina vumbi. Mnajua maana yake?

— Limeoshwa mbele, akasema Spika.

— Maana yake hayo ni magari mawili. Yamekatwa katikati, yakaungwa. Mbele imezaliwa mwaka wake, nyuma mwaka wake. Ni ndugu wa kambo wanaolazimishwa kuishi nyumba moja.

— Acha masihara.

— Simu zinafanywa hivyo kila siku. Kioo cha huyu, tumbo la yule. Mimi mwenyewe ninafanya.

Dirishani nyuma yake mteja mmoja aliyekuwa anasubiri akaomba arudishiwe simu yake. Betri akampa bila kugeuka.

Zamu ikamfikia Brashi. Walimtazama wote, hata Spika, na Brashi akaona ni wakati wa kutoa lile neno alilokuwa analitunza kwa dharura, neno ambalo likitamkwa polepole watu hutikisa vichwa.

— Chesisi, akasema.

Wakatikisa vichwa.

— Chesisi imefanyaje? akauliza Mzee Rufaa, maana yeye hakuwahi kumwachia mtu neno lipite hivi hivi.

— Ina walakini.

— Iko wapi hapa kwenye picha?

— Haionekani, iko uvunguni.

— Haionekani, na wewe umeiona?

— Ndiyo hoja yangu hiyo, mzee. Ingekuwa nzima, ingejificha ya nini?

Mzee Rufaa akanywa kahawa. Brashi alijisikia vizuri kwa muda wa kama mafunda mawili. Kisha akakumbuka mama yake akiwa amekaa sebuleni mguu juu ya stuli, akimwambia kwenye simu kwamba jirani amemkuta dereva mpole, labda wiki ijayo, usijali mwanangu. Funda la tatu akaliacha kikombeni.

— Mimi naona maji, akasema Betri kwa sauti ya chini. Angalieni kioo cha mbele. Kina ukungu kwa ndani. Gari hili limekaa mafurikoni. Limelala chini ya maji siku nne, tano.

— Ukungu huo nauona, akasema Brashi.

— Hata mimi nauona, akasema Mzee Rufaa, na naupinga.

— Maji yakiingia kwenye waya, ukiwasha taa inalia honi. Ukipiga honi, linashuka dirisha.

— Mama hapendi upepo, akasema Brashi kwa wasiwasi wa kweli.

Spika akanyoosha mkono, akafuta kioo cha simu kwa kitambaa cha birika. Ukungu ukatoka. Ulikuwa mvuke wa kahawa.

Saa ilikuwa tano na robo. Ng'ambo, watu walikuwa wameanza kuingia yadini, wengine wameshika madaftari, mwingine amejilaza chali chini ya pikapu huku miguu tu ikionekana. Brashi akayahisi makalio yake mwenyewe yalivyotulia kwenye ubao.

Aliyeliokoa benchi na aibu alikuwa Mzee Rufaa. Alivua miwani, akaipanguza, akaivaa tena, akausogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa simu.

— Juu ya paa, akasema. Pana nini pale?

Waliangalia. Juu ya paa palikuwa na mraba mweupe, mdogo, uliofifia.

— Hapo palikaa kibao, akasema Mzee Rufaa. Kibao cha shule ya udereva. Hili gari, mabwana, limefundishia watu.

Maneno hayo yalishuka juu ya benchi kwa uzito mkubwa. Hata Betri aliacha ndugu zake wa kambo.

— Basi tumekwisha, akasema Brashi. Limeendeshwa na watu mia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kuendesha.

— Ngoja kwanza, akasema Betri. Ngoja. Gari la shule lina nini ambacho mengine hayana?

— Gia zilizochoka.

— Breki mbili, kaka. Moja ya mwanafunzi, moja ya mwalimu. Na mwalimu anakaa wapi?

— Mbele, kushoto.

— Na mama anakaa wapi?

— Mbele, akasema Brashi polepole. Hawezi kukaa nyuma, mguu haukunjiki. Lazima kiti kisukumwe mpaka mwisho.

— Mguu upi?

— Wa kushoto.

— Umenyooka?

— Kama rula.

— Basi uko tayari juu ya breki, akasema Betri, akajiegemeza ukutani kama mtu aliyemaliza kazi.

Huwezi kuamini mambo yalivyokwenda mbio baada ya hapo. Mzee Rufaa aliongeza kwamba mama akikanyaga breki kila kwenye makutano, mazoezi atakuwa anafanyia njiani, na hospitali watabaki kushangaa. Betri akasema daktari ataomba anunuliwe na yeye lake. Brashi, na huyu ndiye mtoto wa kuzaliwa na mama huyo, mtu mzima mwenye mvi kwenye masharubu, alisema wafikirie pia kumwekea honi upande wake. Saa tano na nusu benchi lilipiga kura. Wawili waliafiki, mmoja alipinga halafu akaomba ipigwe tena ili aafiki. Namba kumi na saba linunuliwe.

— Kwa hiyo mmeamua, akasema Spika.

— Kwa kauli moja, akasema Brashi.

— Kwa mraba mweupe juu ya paa.

— Kwa utaalamu, Spika. Kwa utaalamu.

Teksi ikasimama mbele ya duka. Mlango wa mbele kushoto ukafunguka, halafu hapakutokea mtu. Ikatoka fimbo ya chuma yenye miguu minne. Likatoka bega lenye kanga. Mwanamke mzee alikuwa amejigeuza ubavu kitini, akishika mlango kwa mkono mmoja na paa kwa mwingine, akiuvuta mguu wake wa kushoto nje kidogo kidogo kama mtu anayetoa ubao mrefu kwenye chumba chembamba. Dereva alikuwa anaangalia saa.

Brashi alimwona. Ni mama yake. Na hapa pana jambo ambalo hakumsimulia mtu hata baadaye: kwa nukta tatu, labda nne, makalio yake hayakuondoka kwenye ubao. Si kwamba hakutaka. Yalikuwa yamezoea. Aliyenyanyuka alikuwa Spika, akaacha birika, akaushika mguu wa mama kwa mikono miwili na kuuteremsha chini, mama akasimama.

— Ahsante, mwanangu. Watatu wamenikataa leo. Huyu amekubali kwa kuwa alikuwa anakuja huku huku.

Akaja hadi mbele ya benchi, akasimama juu ya fimbo yake.

— Shikamoo mama, wakasema Brashi na Betri.

— Marahaba wanangu. Habari za asubuhi, mzee mwenzangu.

— Nzuri, akasema Mzee Rufaa, na hakupinga.

— Nimesikia leo ninanunuliwa gari. Nikasema nisikae nyumbani kama mwali, nije nilione.

— Tumeshalichambua, mama, akasema Betri. Hapa unapotuona tumelichambua tangu saa nne.

— Liko wapi?

Betri akamwonyesha simu. Mama akaisogeza mbali na macho, akaiangalia kwa muda.

— Zuri. Limegongwa wapi?

— Kushoto, akasema Brashi. Kidogo tu.

— Kushoto, akasema mama. Na mlango wa kuingilia mimi unafunguka?

Betri aliichukua simu, akaongeza ukubwa. Akaupunguza. Akaigeuza simu upande wa pili, akakuta mgongo wa simu. Mzee Rufaa alimtazama Brashi, kwa kuwa swali lilikuwa la kitaalamu. Spika alikuwa anafuta kikombe kimoja kilekile, anakifuta tu.

Brashi alitafuta. Alikuwa na boneti lililokiri, alikuwa na ndugu wa kambo, alikuwa na chesisi iliyojificha, alikuwa na breki mbili. Alijua kila kitu kuhusu gari lile isipokuwa mlango mmoja.

— Sijui, mama, akasema.

Benchi lile lina umri wa miaka tisa na lilikuwa halijawahi kulisikia neno hilo.

— Basi si ukaangalie, akasema mama, bila hasira yoyote, kama anavyomwambia mtu aangalie kama maji yamechemka.

Brashi akainuka.

Alipoinuka, mama akakaa. Hakujua katiba, aliona nafasi. Na kwa kuwa mguu haukunjiki, na kwa kuwa amesimama vya kutosha, akajigeuza ubavu na kuunyoosha mguu wote juu ya ubao, upande wa Betri. Betri akaruka kuupisha. Kisha mama akaegemea nyuma apate nafuu, na mgongo wake ukamkuta Mzee Rufaa, ambaye alisogea, akasogea tena, na ubao ukamwishia. Kwa mara ya kwanza katika historia benchi zima lilikuwa limeinuka, na wanaume watatu walisimama juani wakitazamana, wakiwa wafupi kuliko kila mmoja alivyomfikiria mwenzake.

— Nendeni basi, akasema mama. Mimi nipo.

Wakavuka barabara. Hatua zilikuwa thelathini na sita.

Namba kumi na saba lilikuwa mwisho wa mstari. Mraba mweupe juu ya paa ulikuwa karatasi, na karatasi ilikuwa imeandikwa 17. Betri alichungulia ndani upande wa kushoto: hapakuwa na breki ya pili. Palikuwa na zulia na kopo tupu la soda. Mzee Rufaa alilisoma boneti kwa kitambo, akasema kwa karibu linaonekana kama boneti tu.

Brashi alizunguka upande wa kushoto, akapitisha kiganja juu ya mlango kabla hata hajafikiri. Hapo mkono wake ukajua jambo. Rangi ilikuwa ya juzi, na chini yake pati ya kuzibia mabonyeo imepakwa nene kama daftari, ikasuguliwa haraka haraka na mtu aliyetaka kwenda nyumbani mapema. Aligonga kwa kucha, ikajibu kwa sauti ya ukuta.

— Hili lilishawahi kugongwa hapa hapa kabla ya ajali hii, akasema. Mara mbili. Rangi ya kwanza ilikuwa bluu.

— Umejuaje? akauliza Mzee Rufaa.

— Rangi naijua, mzee. Hii naijua.

Akashika kitasa, akavuta. Mlango ukalia, ukafunguka upana wa viganja viwili, ukakwama. Wakavuta watatu. Ukaongeza kiganja kimoja.

— Panatosha, akasema Betri. Mama si mnene.

— Mguu, akasema Brashi.

Kisha akafanya kitu ambacho katika mwaka mzima hakuwahi kukifanya. Akaukaza mguu wake wa kushoto, akasema hatakunja hata kidogo, akajaribu kuingia garini kama mama yake anavyoingia. Akaanza na makalio. Akashika paa. Akajivuta nyuma. Mguu ukabaki nje, umenyooka, ukigonga ukingo wa mlango kila alipopumua. Nyama za paja zikaanza kumuuma, kiuno kikamshika, na jasho likamtoka sehemu ambazo hakujua kuwa zinatoa jasho.

— Nishikeni mguu, akasema.

Betri akashika kisigino, Mzee Rufaa akashika goti.

— Usikunje, akasema Mzee Rufaa.

— Sikunji.

— Umekunja.

— Mzee, sukuma.

Wakasukuma. Nusu ya Brashi ikaingia, nusu ikakataa, na mlango ukambana kiunoni. Hawezi mbele, hawezi nyuma. Alikuwa katika hali hiyo, kidevu kimegusa dashibodi na kiatu kimeelekea mbinguni, dalali wa mnada alipofika na watu wapatao ishirini nyuma yake.

Dalali aliangalia karatasi yake, akaliangalia gari, akaukagua na mguu.

— Namba kumi na saba, akatangaza. Gari dogo, milango minne. Huyu bwana anauzwa pamoja nalo?

Watu walicheka mpaka wengine wakashika magari mengine wasianguke. Brashi alicheka pia, kwa sababu hakuwa na pa kuuweka uso hata kama angetaka. Uso wenyewe ulikuwa umebanwa. Mafundi wenye tochi, wale wale aliowaogopa tangu asubuhi, walikuja wawili, wakanyanyua mlango kidogo kutoka kwenye bawaba, wakamtoa taratibu kama chupa inavyotolewa kwenye kreti. Hakuna aliyemuuliza swali la kitaalamu. Gari lilinunuliwa na mtu wa vyuma chakavu, ambaye hakulitazama hata mara moja.

Waliporudi, mama alikuwa bado amejinyoosha kwenye benchi, mguu juu, kikombe mkononi. Yadi yote inaonekana kutoka pale.

— Mlango hauingiliki, mama, akasema Brashi. Umekwama.

— Nimeona.

— Umeona yote?

— Toka ulipoanza na makalio, akasema mama, akanywa funda. Hivyo ndivyo ninavyoingia mimi?

— Hivyo hivyo.

— Basi kumbe nachekesha, akasema mama, na akacheka kweli, cheko la ndani lililomtikisa mpaka fimbo ikaanguka.

Brashi aliiokota fimbo. Hakucheka mara hii. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona huruma kubwa iliyochelewa mwaka mzima, na akaona afadhali aiseme kuliko kubaki nayo.

— Kiuno kinaniuma, mama, na mimi nimeingia mara moja tu. Sikujua kwamba ni hivyo.

— Ungejuaje? Hujawahi kuwepo nikiingia.

Betri akainamia simu yake. Mzee Rufaa akatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo.

— Siku ya mazoezi ni kesho kutwa, akasema Brashi. Gari tutatafuta, tutampata mtu anayeyajua. Lakini kesho kutwa nakuja nyumbani asubuhi, tutachukua teksi, mguu nitaushika mimi. Na ile siku ya pili ya wiki pia.

— Saa nne asubuhi? akasema mama. Saa zenu za hapa?

— Saa nne hiyo hiyo.

Spika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mama. Lilitoa matone mawili na mvuke kidogo.

— Kahawa imeisha, akasema. Na mmeinuka wote watatu, kwa hiyo sijui birika la kesho ni la nani. Katiba haikuandika.

— Iangaliwe upya, akasema Mzee Rufaa, uso wake ukachangamka. Nakata rufaa.

Mama alikuwa amegeuza shingo, anausoma ukuta juu ya kichwa chake, herufi moja moja, nyekundu zenye kivuli cheusi. Aliujua mwandiko wa mwanawe tangu alipokuwa anachora kwa mkaa kwenye mlango wa jiko.

— Na hapa mahali pako? akamuuliza. Si watakuchukulia?

Brashi alimpa fimbo, akainama, akauweka mkono mmoja chini ya kisigino na mwingine chini ya goti lisilokunjika, akaanza kuuteremsha mguu wa mama yake chini, polepole, kama alivyomwona Spika akifanya.

— Nimeshahama, mama.